Mstari wa Kwanza

Mkunga alikuwa anapangusa meza ya jikoni simu yake ilipolia. Hakushtuka. Kila asubuhi maoni ya wasomaji wa blogu yake humfikia kwa barua pepe: huyu anashukuru, yule anauliza kama kulalia ubavu wa kulia kunamdhuru mtoto, mwingine anamwombea maisha marefu kisha hapohapo anatangaza dawa ya kuotesha nywele. Lakini haya ya leo aliyasoma mara mbili, akavuta kiti akakaa, akayasoma tena kwa sauti ili mumewe aliyekuwa sebuleni ayasikie.

“Mama mkunga, kwa jina langu naomba uniwie radhi. Mimba yangu ni ya miezi minane. Nimevimba uso na vidole, pete imekataa kutoka. Tangu juzi kichwa kinaniuma hakitulii, na jana nimeanza kuona vimulimuli machoni. Mama mkwe anasema uvimbe ni dalili ya mtoto wa kiume, nisiwatie watu hasara ya gari. Lakini wewe hapa nyumbani tunakusoma wote, hata yeye husomewa. Ukisema niende watakusikia. Simu ni ya wifi yangu, ataniazima tena mchana akirudi kula. Nijibu hapahapa tafadhali.”

Mkunga aliiweka simu mezani taratibu. Wodini alikuwa amewaona wa namna hii wakiletwa wamebebwa, ulimi umeng'atwa, na ndugu wanaapa kwamba jana alikuwa mzima tu.

“Hiyo ni presha ya mimba,” alisema. “Huyu si wa kusubiri. Kifafa kikimkuta nyumbani, basi tena. Baba watoto, lete kompyuta nimjibu.”

Kompyuta haikuletwa.

“Baba watoto, umelala?”

Hakuwa amelala. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Herufi kwa sababu alikuwa ameutumia ujana wake wote kiwandani akipanga herufi za madini ya risasi mojamoja kwa ajili ya kuchapa magazeti, alikuwa amekaa na kompyuta hiyohiyo mapajani. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani kama kiti kilichovunjika mguu, mpaka mkewe alipostaafu na kuanzishiwa blogu na mkwe wao. Hapo Mzee Herufi akajipa cheo cha fundi wa blogu, na cheo hicho kilimrudishia hamu ya kunyoa ndevu. Sasa tangu jana blogu ilikuwa inakataa mtu kuingia, na alikuwa hajathubutu kusema.

“Ina tatizo kidogo,” alisema.

“Kidogo kiasi gani?”

“Kusoma, mtu anasoma. Ila kuingia ndani ili uandike, ndiyo inagoma.”

“Tangu lini?”

Alikohoa. “Jana.”

Mkunga alikuja mpaka mlangoni, kitambaa bado mkononi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. “Jana nimekuuliza blogu inaendeleaje, ukanijibu mambo shwari.”

“Nilitaka niitengeneze kwanza.”

“Mzee, mficha uchi hazai. Hilo nimewaambia wanawake wa watu maisha yangu yote. Sikujua kama siku moja nitamwambia mume wangu.”

Alikaa kando yake na kumtaka amwonyeshe. Mzee Herufi aliandika jina na nenosiri, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukarudi na sentensi mbili za Kiingereza juu kabisa, na chini yake kisanduku kilekile cha kuandikia jina. Aliandika tena, mambo yakawa yaleyale. Tangu jana alikuwa amezima kompyuta na kuiwasha, amechomoa kifaa cha intaneti na kukichomeka, amefuta kumbukumbu za kivinjari. Alikuwa amesoma ushauri wa mafundi wa mitandaoni, na kila ushauri ulianza na maneno “kwanza ingia ndani ya blogu yako”, sawa na kumwambia aliyepoteza ufunguo afungue mlango kwanza, autafute humo ndani.

“Mwandikie barua pepe,” Mzee Herufi alisema.

“Anwani yake iko wapi?”

Haikuwapo. Mkunga mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba msomaji asidaiwe jina wala anwani, kwa sababu mwenye aibu ukimdai jina hakuulizi kitu. Wema wake mwenyewe ulikuwa umemfunga mikono.

“Si uliandika makala juu ya uvimbe? Ataisoma.”

“Ameshaisoma, ndiyo maana akaniuliza. Makala ni ya watu wote. Huyu anataka neno la kwake la kumwonyesha mama mkwe.” Kisha uso wa mkunga ukachangamka. “Ngoja. Nitaandika kama msomaji. Pale chini wanapoandika wao.”

Akaandika kwa simu, kidole gumba kikikosea na kurudi: nenda hospitali sasa hivi, ni mimi mkunga. Akatuma. Ukurasa ukawa mweupe pe. Waliutazama weupe ule. Kisha simu ikalia, na mkunga akaifungua haraka akidhani ni yule mwanamke.

“Kuna maoni mapya yanayosubiri idhini yako,” alisoma.

Yalikuwa ya kwake. Kwa sababu ya wale wauza dawa za nywele, blogu ilikuwa imepangwa isionyeshe maoni yoyote mpaka mwenyewe ayapitishe. Mkunga alikuwa amejiomba ruhusa, na mtoa ruhusa amefungiwa nje. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume.

“Mpigie mkwe wako,” alisema.

Hilo ndilo neno ambalo Mzee Herufi alikuwa akilikimbia tangu jana. Mkwe wao ndiye aliyeijenga blogu. Lakini siku moja, mezani, mbele ya wageni, alimwambia: “Baba, wewe uwe unasoma tu, usiguse mafaili.” Alisema kwa upole, tena akicheka, na wageni nao wakacheka. Wiki hiyohiyo Mzee Herufi alibadilisha manenosiri yote, na tangu hapo hakumpigia tena. Mtu aliyepanga hotuba za marais bila kukosea nukta, aambiwe asiguse? Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akapiga, na mkunga akanyoosha mkono akaweka sauti ya nje.

Mkwe alikuwa kazini, juu ya dari la ofisi ya watu, akivuta nyaya. Sauti yake ilitoka kama mtu aliye ndani ya pipa. Salamu zilikuwa fupi. Mzee Herufi alieleza, na mkwe akasikiliza bila kumkatiza.

“Baba, kabla haijaanza kukataa, kuna faili lolote uliligusa?”

Mkunga alikuwa anamtazama mumewe usoni.

“Sijagusa.”

“Hata kidogo?”

“Nimesema sijagusa kitu.”

Upande wa pili kikasikika kitu kinakwaruzwa darini. “Sawa baba. Kama hujagusa, basi tatizo litakuwa kwa wenye seva, wale mnaowalipa kuitunza blogu. Wapigieni. Ningeingia mwenyewe nitazame, lakini paswedi zangu siku hizi hazifanyi kazi.”

Hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo lilimchoma zaidi. Mzee Herufi angeweza kumpa nenosiri jipya palepale. Alisema ahsante, akakata simu. Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu, lakini ulikula asubuhi nzima.

*

Wenye seva walikuwa na muziki. Mtu ukipiga wanakupigia muziki, kisha mashine inakwambia simu yako ni muhimu sana kwao, kisha muziki tena. Mkunga alikuwa anatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Hatimaye ikapokewa na binti mwenye sauti ya kulainishwa.

“Naongea na mwenye akaunti?”

“Mwenye akaunti ni mke wangu. Mimi ndiye fundi.”

“Samahani baba, kwa usalama tunaongea na mwenye akaunti tu.”

Mzee Herufi alimkabidhi mkewe simu kama mtoto anavyorudisha kitu cha wenyewe.

“Binti,” mkunga alisema, “kuna mtu anaweza kupoteza maisha. Nahitaji kuandika kwenye blogu yangu sasa hivi.”

“Pole sana mama. Nimeshakufungulia tiketi.”

“Tiketi ya kwenda wapi?”

“Hapana mama, ndivyo tunavyoliita tatizo lililoandikishwa. Mafundi wetu watakujibu ndani ya siku mbili.”

“Siku mbili huyu atakuwa amezikwa.”

Binti alisita. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu. “Mama, kusema kweli seva yenu naiona iko salama kabisa. Mara nyingi inakuwa ni kitu kimebadilishwa na mtumiaji. Kuna mabadiliko yoyote mmeyafanya karibuni?”

Mkunga alimgeukia mumewe. “Mume wangu anasema hakuna,” alijibu, na lile “anasema” akalitamka kwa namna ambayo mumewe aliisikia mpaka mifupani. Kabla binti hajasema neno jingine simu ilikatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Mkunga aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu na mkoba begani.

“Unakwenda wapi?”

“Sijui.” Alisimama katikati ya sebule. Mwanamke yule angeweza kuwa mtaa wa pili, angeweza kuwa ng'ambo ya mpaka. “Sijui, lakini siwezi kukaa.” Kisha akakaa, mkoba bado begani. Katika miaka yote ya ndoa yao Mzee Herufi alikuwa hajawahi kumwona akikosa la kufanya. Woga wa kuumbuliwa uliokuwa umemkaba tangu jana ukapungua, ukaja woga mwingine mkubwa zaidi, wa yule binti wa watu asiye na jina.

Aliirudia kompyuta. Zile sentensi mbili za Kiingereza alikuwa amezisoma mara nyingi, lakini alizisoma kama mtu anavyosoma barua ya kufukuzwa kazi, kwa kurukaruka. Safari hii aliweka kidole kwenye kioo akazifuata neno kwa neno, kama alivyokuwa akipitia kurasa kabla hazijachapwa. Zilitaja faili, tena kwa jina lake: lile faili la mipangilio ya blogu nzima. Mbele ya jina la faili kulikuwa na nukta mbili na tarakimu moja. Moja.

“Ajabu,” alinong'ona. “Inasema mambo yameanzia mstari wa kwanza. Na mstari wa kwanza hauna kitu.”

“Umejuaje kwamba hauna kitu?”

Mzee Herufi aliinua kichwa. Mkewe alikuwa hatikisiki.

“Nimekuuliza. Faili hulijui, hujaligusa. Umejuaje mstari wake wa kwanza hauna kitu?”

Hapakuwa na pa kutokea. “Kwa sababu niliuweka mimi,” alisema.

Akasema yote. Kwamba picha zilipokuwa zinakataa kupanda, alisoma mahali kuwa mtu huongeza maneno fulani katika faili lile. Akayaongeza, picha zikapanda, na mkewe akamsifu mbele ya jirani. Juzi akalirudia faili, si kwa shida yoyote, ila kuitazama tu kazi yake. Akaona maandishi yote yamebanana juu, yamegusa ukingo wa ukurasa.

“Nikaongeza mstari mmoja mtupu pale juu. Sikuandika kitu. Nilibonyeza mara moja tu.”

“Wa nini?”

“Ilikuwa mbaya kuitazama. Kichwa cha ukurasa lazima kipumue. Kiwandani ukipanga ukurasa bila nafasi ya juu, bosi anakurudishia.”

Mkunga alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Lakini Mzee Herufi alikuwa hamwoni tena. Alikuwa anajiona mwenyewe mbele ya kasha la herufi, kijana, vidole vyeusi. Kiwandani nafasi tupu haikuwa tupu hata siku moja. Ilikuwa kipande cha risasi, kina uzito wake, kikikuangukia kwenye kidole cha mguu unaruka. Ukitaka utupu, unauweka kwa mkono kama unavyoweka herufi. Alikuwa amelisahau hilo kwa sababu kwenye kioo utupu hauna uzito. Kumbe kompyuta ilikuwa inauona mstari ule, inauchukua na kuutoa nje kwanza kama sehemu ya ukurasa, na ukurasa ukishaanza kutoka, hakuna tena nafasi ya kuthibitisha nani yuko mlangoni. Mtu wa risasi ndiye aliyepaswa kulijua hilo kuliko wote.

“Utoe,” mkunga alisema.

Alifungua upande wa seva. Nenosiri likakataa mara ya kwanza na ya pili, kwa kuwa alilitunga akiwa na hasira na akalifanya gumu ili mkwe asilibahatishe. Mara ya tatu likakubali. Akalipata faili, lakini hakulifungua.

“Unafanya nini sasa?”

“Nachukua nakala yake kwanza.”

“Saa hizi?”

“Nikiharibu tena bila nakala, mama watoto, hakuna wa kutuokoa.” Hilo nalo lilikuwa agizo la mkwe, ambalo hajawahi kulifuata.

Mkunga aliuma midomo, akangoja. Nakala ikashuka. Mzee Herufi alifungua faili, akapeleka mshale juu kabisa, akaufuta ule mstari mtupu. Maandishi yakaruka juu, yakabanana na ukingo, mabaya vilevile. Akahifadhi. Akarudi kwenye kisanduku cha kuingilia, akaandika jina la mkewe, akabonyeza, akafumba macho.

“Fumbua,” mkunga alisema. “Imefunguka.”

*

Alimpisha kwenye kiti. Mkunga aliandika “Usikae hata dakika moja,” kisha akaacha kuandika. Nje watoto wa shule walikuwa wameanza kupita kurudi nyumbani kula.

“Simu ni ya wifi,” alisema, kama anayejisemea. “Na mama mkwe husomewa. Huyu binti hana haja ya kuambiwa aende. Anajua. Si yeye wa kuandikiwa.”

Akafuta, akaanza upya, na Mzee Herufi akasoma maneno kadiri yalivyojipanga.

“Mama mkwe wa binti huyu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi nipokee kama dada yako. Sikuandikii kukulaumu. Najua gari ni ghali na najua unamtakia mema. Miguu peke yake ingevimba, ningesema apimwe kesho. Uso kuvimba, kichwa kuuma na vimulimuli machoni vikija pamoja, hiyo siyo habari ya mtoto wa kiume, ni presha imepanda. Ikizidi ataanguka kifafa, na mnaweza kuwapoteza wawili. Msimpe dawa ya kichwa mkakaa kungoja. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na mkifika mlangoni semeni maneno matatu: uso, kichwa, macho. Watamwahi. Mama, katika nyumba hiyo sauti ni yako. Inuka naye.”

Akageuka. “Kuna makosa?”

“Usiguse hata nukta,” Mzee Herufi alisema.

Maoni ya yule mwanamke yakapitishwa, na jibu likakaa chini yake, mahali pa kuonekana na kila mtu. Basi ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote. Mkunga aliufungua ukurasa upya, akaufungua tena. Mzee Herufi alitoka, akaenda dukani kununua salio, akarudi akiwa anapumua kama aliyekimbia. Akakaa mbele ya mkewe, akapiga simu, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sauti ya nje.

“Mwanangu,” alisema mkwe alipopokea, “nilikudanganya. Niligusa.”

“Faili la mipangilio?”

“Hilohilo. Niliweka mstari mtupu pale juu.”

Mkwe alicheka, lakini si kile kicheko cha mezani. “Baba, hata mimi niliwahi kuuweka. Nilikuwa nimeajiriwa mwezi wa kwanza. Niliangusha duka la watu la mtandaoni, nikasema ni seva.”

Mzee Herufi alisema: “Una kalamu? Nikutajie paswedi.” Akaitaja herufi kwa herufi, kubwa na ndogo, mkewe akisikia, na alipomaliza alijihisi mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja.

Simu ya mkunga ikalia.

Aliifungua. Akasoma neno la kwanza, macho yakamjaa machozi, akampa mumewe amsomee. Mzee Herufi alivaa miwani, akasoma polepole, kwa sauti yake ya kiwandani ya kusahihishia kurasa, akitaja kila neno kama lilivyo.

“Marahaba, mdogo wangu. Nimekuzidi. Gari la jirani limekuja na tunampakia. Anayekuandikia ni binti yangu, mimi kusoma na kuandika sijui. Nimeyashika yale maneno matatu, nitayasema mwenyewe mlangoni. Mtoto wangu wa kwanza alinifia tumboni, na siku zile niliviona vimulimuli hivyohivyo. Sikumwambia mtu. Mpaka leo nilikuwa najua kwamba nilikuwa na uchovu tu.”

Chini ya maandishi, blogu ilikuwa inauliza kama maoni hayo yapitishwe yasomwe na watu.

“Niyapitishe?”

“Hapana,” mkunga alisema, akijifuta uso kwa kiganja. “Hayo ametuambia sisi.”

Mzee Herufi aliondoa kidole. Wakakaa bega kwa bega, simu katikati yao, wakingoja ilie tena.